Tusivunje Tunyumba Twetu twa Mulimani



Wiki mbili zimepita tangu komite ya wazazi ilipokutana mu kanisa, na habari ya mukutano ule imekwisha kufika katika kila darasa. Ati tunyumba twa udongo twa finalisti, tule tuko nyuma ya shule juu ya mulima, tutavunjwa mwisho wa mwaka huu. Pahali pake patajengwa dortwari moja ndefu ya simenti na bati. Na kila mwanafunzi atakayeingia mwaka wa mwisho ataleta bati mbili na mufuko mumoja wa simenti mbele ya kuandikishwa. Jambo halijakatwa kabisa, komite itakutana tena kisha likizo. Tangu siku ile wengi wananiuliza: Kapita, wewe unasema nini? Mu mukutano ule sisi wanafunzi hatukuitwa, na ni kawaida, mutoto hasemi mu baraza la wakubwa pasipo kuitwa. Lakini gazeti hili ni letu, na Bwana Prefe mwenyewe ametuambia tuandike mawazo yetu bila woga, ila kwa heshima. Basi naandika, nasema wazi: tusivunje.

Kwa wadogo wetu wa mwaka wa saba na wa nane, ambao hawajui vizuri maki ni kitu gani, nieleze kidogo. Mwezi wa ine ukifika, sisi wa mwaka wa mwisho tunaaga jamaa waliotupokea mu muji, tunapanda mulimani na mikeka na vitabu, tunakaa pamoja kujitayarisha kwa mutihani wa Leta. Ile njo maki. Inchi nzima ya Kongo inafanya vile. Kule mu miji mikubwa finalisti wanapanga chumba ao wanalala mu darasa juu ya mabanki. Sisi hapa hatuna vyumba vya kupanga. Tuna mulima, udongo, miti na nyasi. Kwa hiyo tangu zamani finalisti wa shule hii wanajijengea. Leo tunyumba ni kumi na moja. Kila kamoja ni hatua sita kwa urefu na hatua ine kwa upana, mulango mumoja, dirisha moja, vitanda vitatu vya fito, na meza moja ya mianzi. Basi. 

Tuanze na hesabu ya muzazi, kwa sababu njo hesabu inayofukuza watu shuleni. Tangu Septemba 2019 masomo ya shule ya musingi ni ya bure mu shule za Leta. Hilo ni jambo kubwa, tunamushukuru Mungu juu yake. Lakini sisi wa sekondari wazazi wangali wanalipa, tena mwaka wa mwisho ni mwaka wa kulipa kupita yote, kwa sababu ya ile feza ya mutihani. Sasa juu ya mulipo ule tuongeze bati mbili na simenti. Bati haioti Kabambare. Inatoka mbali, inasafiri ndani ya motokari mupaka pale barabara inapokatika, kisha kijana anaifunga juu ya kinga na kuisukuma mu matope, siku mbili ao tatu. Mufuko wa simenti una kilo 50, na mvua ikiupiga njiani umekwisha kuwa jiwe. Kila muguu wa safari unaongeza bei. Muzazi wa Kasongo mwenye duka anaweza kuona ni kidogo. Lakini baba wa ng'ambo ya Luama, mwenye shamba la muchele na karanga, atauza mabeseni mangapi? Na akiisha kuuza yote, watoto wengine watakula nini?

Ninajua mwanafunzi asiyepata bati atafanya nini, kwa sababu nimeona. Mwaka juzi mwenzetu mumoja, kijana wa akili, wa pili mu hesabu, aliombwa kitu kidogo kuliko hiki. Alituambia anakwenda upande wa Salamabila wiki tatu tu, atafute zahabu kidogo, arudi. Tulimuchungia nafasi yake mu banki. Mupaka leo yuko mu mashimo kule, na wanasema sasa ana muke. Sisemi kuchimba zahabu ni zambi, kuna wazazi wetu wengi wanaolipa shule kwa kazi ile. Nasema kwamba njia ya kwenda kule ni fupi, na njia ya kurudi darasani ni ndefu sana. Tukiweka bati mbili mulangoni mwa mwaka wa mwisho, tutakuwa tunaonyesha vijana njia ile kwa kidole.

Mupaka hapa mutu atanijibu: kijana, unasema mambo ya umasikini tu, kama feza zingepatikana, bati si bora? Swali ni zuri, na nitalijibu bila ubishi. Bati ina faida. Haishiki moto kama nyasi. Inadumu miaka mingi. Tena inakusanya maji ya mvua, na kwetu juu ya mulima hilo si jambo dogo, muulize kila anayepanda na bidoni kichwani saa kumi na moja za asubui. Lakini jaribuni kusoma chini ya bati wakati mvua ya mwezi wa ine inapoanguka. Mwalimu wa fizika mwenyewe, mvua ikija, anaweka chaki chini na kungojea, kwa sababu hata mutu wa banki ya kwanza hamusikii. Na saa saba ya muchana, jua likiwa kali, darasa la bati bila dari linageuka kuwa chungu juu ya moto. Mu kanyumba ka udongo mambo si vile. Ukuta munene wa udongo unakunywa joto polepole muchana kutwa na kulitoa polepole usiku. Muchana kuna baridi nzuri, usiku huku juu, pahali upepo unakata, kuna joto kidogo. Na mvua juu ya nyasi inasikika kama mutu anayenong'ona. Unaweza kukariri historia yote ya Kongo mvua ikinyesha.

Kuna tena habari ya kulala wengi pamoja. Dortwari ile wanayoisema ni ya watu makumi tatu na zaidi, kitanda kwa kitanda. Upele wa mumoja ni upele wa wote. Tusisahau kwamba mwaka 2024 shirika la afya la dunia lilitangaza kwamba mpox ni hatari kwa dunia nzima, na inchi yetu njo iliyokuwa na wagonjwa wengi kupita inchi zote. Ugonjwa ule unapenda watu wanaolala wakigusana na kubadilishana mablanketi. Watu watatu mu kanyumba kao, mumoja akipata homa na vipele, wawili wanahama, muganga anaitwa, kazi ya wengine inaendelea. Mu dortwari maki yote ingefungwa.

Sasa niguse jambo ambalo wengi hawalisemi wazi. Sababu ya kweli ya kutaka kuvunja si moto wala mvua. Ni haya. Mugeni akipanda hapa na kuona majani na udongo, tunaona haya, ati tungali watu wa zamani. Ninaomba tufikiri pamoja juu ya haya hiyo.

Kwanza, hapa kwetu. Kila mutu wa Kasongo anajua Tongoni, pale palikuwa muji wa zamani, muji wa Tippu Tip na watu wake, mbele askari wa Leopold hawajauchukua katika mwezi wa ine 1893. Ulikuwa muji mukubwa, wenye mabustani na baraza. Nyumba zake zilijengwa kwa udongo huuhuu tunaoukanyaga. Biashara ya muji ule ilikuwa ya machozi, na mutu asinielewe vibaya, simusifu Tippu Tip. Nasema juu ya nyumba. Jina lenyewe, Tongoni, ni pahali pa nyumba zilizoachwa. Nyumba ya udongo ikiachwa inarudi kuwa udongo, shamba linalimwa juu yake. Haiachi takataka.

Tena Livingstone, ambaye tunasoma habari zake mu historia ya kanisa. Alifika Bambarre, ni kusema Kabambare yetu hii, mwaka 1869, na tangu mwezi wa saba 1870 mupaka mwezi wa pili 1871 alikaa palepale, na vidonda vya miguu vilimuzuia kutembea. Aliandika kwamba katika inchi hii ya Manyema alisoma Biblia yote mara ine, toka mwanzo hata mwisho. Biblia yote, mara ine! Hakuwa na dortwari ya bati. Kama mugonjwa aliweza kusoma namna ile mu nyumba ya Manyema, sisi wenye miguu mizima tunashindwa na vitabu vya mwaka mumoja?

Na kule kwa wazungu wenyewe? Mwaka 1845 Mwamerika mumoja, jina lake Thoreau, alijijengea kanyumba ka mbao mu pori karibu na muji wa Concord. Kalikuwa na futi 10 kwa futi 15, ni kusema karibu metre tatu kwa ine na nusu. Kalimugharimu dola 28 na senti 12. Alikaa mule miaka miwili na miezi miwili, akiandika na kulima maharagi, na mupaka leo watu wa vyuo vikuu wanasoma alichokiandika. Pimeni kanyumba kake, kisha mupime ketu. Siku hizi kuna watu wa Ulaya na Marekani ambao wanalipa feza kwenda kulala siku chache mu nyumba ndogo namna ile, juu ya vilima, bila kelele ya motokari, na maji ya mvua na taa ya jua. Wanasema wamechoka na nyumba kubwa zinazokula umeme na makaa. Sisi tuko na kitu kile bila kulipa, na tunataka kukivunja. Mimi ningecheka, kama si kwamba ni bati za baba yangu.

Na tusifikiri kwamba udongo ni kwa tunyumba tu. Kule Mali, mu muji wa Djenné, kuna muskiti mukubwa wa udongo uliojengwa 1907, na kila mwaka wenyeji wote wanatoka kuupaka upya kwa mikono yao. Si wa dini yetu, lakini kazi yao ni ya kutufundisha. Burkina Faso, kijiji cha Gando, mutoto wa kijiji kile jina lake Francis Kéré alikwenda kusoma ujenzi Ujeremani. Angali anasoma, alirudi kujengea watoto wa kwao shule. Wanakijiji walitazamia simenti kama ya wazungu. Yeye akasema tutatumia udongo. Walisikitika, walisema udongo hautashinda mvua. Akawaonyesha: matofali ya udongo yaliyokandamizwa na simenti kidogo tu ndani, na bati ikainuliwa juu mbali na dari ya matofali, upepo upite katikati, joto lisishuke kwa watoto. Shule ile iliisha 2001. Na mwaka 2022 Kéré alipewa Pritzker, zawadi kubwa ya wajengaji wa dunia, yeye Mwafrika wa kwanza kuipata. Basi haya iko wapi?

Mwalimu wetu wa kemia alituonyesha tena jambo hili. Simenti inapatikana kwa kuchoma mawe ya chokaa mu moto wa digri karibu 1450. Moshi wa makaa unatoka, na jiwe lenyewe linatoa ile ile hewa inayozidisha joto la dunia. Wanaofanya hesabu wanasema simenti peke yake inatoa asilimia 7 ao 8 ya hewa ile yote inayotoka kwa kazi za watu. Sisemi mifuko makumi tatu ya shule yetu itaharibu dunia. Nasema tusione kwamba mutu wa simenti amekwenda mbele na mutu wa udongo amebaki nyuma.

Na wazee wetu wana ushuhuda mwingine ambao haumo mu vitabu. Wakati wa vita, ile ya 1964 na zile zilizofuata toka 1996, watu wa Kabambare walikimbia mu pori mara nyingi. Wazee wanasimulia kwamba nyumba ya bati ilikuwa ya kwanza kuguswa. Bati ziling'olewa, zikabebwa, zikauzwa. Kuta za simenti zilibaki wazi, miti ikaota ndani. Mwenye nyumba ya udongo aliporudi alikuta majivu, ndiyo, lakini mwezi mumoja kisha alikuwa tena chini ya nyasi mupya. Hakungojea musaada wa mutu. Elimu ya kujenga ilikimbia naye na kurudi naye. Leo mu darasa letu ni wangapi wanaojua kufunga fito kwa kamba za pori zisilegee? Tuliobaki tunahesabika. Tukiacha kujenga miaka mitano tu, hakuna mutu atakayejua.

Lakini sasa niwageukie finalisti, kwa sababu komite haikuanza bure. Tunyumba twetu tuko na makosa, na makosa yenyewe yanatoka kwa desturi moja mbaya: kila darasa linajenga kwa miezi mitatu tu, na mutihani ukiisha linaacha. Kiangazi kinapita, muchwa wanakula miguzo, mvua za mwezi wa kenda zinakuta nyasi imefunguka, na mwezi wa ine darasa lingine linakata miti mipya. Tazameni upande wa mulima unaoelekea chemchemi. Uko uchi. Miti ya miguzo, miaka mitano iliyopita ilikatwa pale nyuma ya choo. Leo tunatembea karibu saa moja kuitafuta. Nyumba inayodumu miezi mitatu na kula mulima si nyumba ya akili, hata kama ni ya udongo. Hapa komite ina haki, na ninaitika.

Dawa iko, tena mafundi wazee wa muji wanaijua. Nilikwenda kuuliza wawili wao, nikaandika.

Miguzo inaoza pale inapoingia mu udongo. Basi kwanza tusiipande mu udongo mutupu. Mawe yako tele mu kijito pale chini. Tukipanga musingi wa mawe, kimo cha goti, ukuta unakaa juu yake, maji yanayorukaruka kutoka chini hayaufikii. Miguzo yenyewe ichomwe kidogo kwa miguu mupaka iwe nyeusi, kisha ndipo isimamishwe katikati ya mawe. Udongo wa ukuta usiwe wowote. Ule wa kichuguu njo mufalme, kwa sababu muchwa wamekwisha kuusaga na kuukanda. Tuuchanganye na nyasi iliyokatwa fupi na muchanga kidogo, tuuache na maji siku ine ao tano, tuukanyage tena. Ukuta unaopasuka ni ukuta uliofanyizwa kwa haraka na vijana wanaotaka kurudi kucheza mupira.

Kisha nyasi. Paa lizidi ukuta kwa urefu wa mukono mumoja pande zote, ndipo mvua ianguke mbali. Mwinuko wake uwe mukali. Paa la kulala linakunywa maji, na sisi tunapenda paa la kulala kwa sababu linakula nyasi kidogo. Juu ya mutelemko tuchimbe mufereji upande wa juu wa kila nyumba, maji yazunguke. Na tusichimbe mulima karibu sana na ukuta wa nyuma, kwa sababu mvua kubwa ikija, udongo wa juu unashuka na kumufunika mutu mu usingizi. Fundi mumoja aliniambia tena jambo nililolipenda: nyumba ya nyasi isiyoona moshi inakufa upesi. Moto mudogo wa mara kwa mara unakausha nyasi na kufukuza wadudu. Ndiyo sababu nyumba zetu zinazokaa tupu mwezi wa saba na wa nane zinaharibika kuliko zile zenye watu.

Sakafu si kitu kidogo. Mu sakafu ya vumbi na mu nyufa za ukuta wanakaa funza, na yule kimputu, papasi mubaya anayeuma usiku na kuleta homa inayokwenda na kurudi. Tupigepige udongo wa kichuguu mupaka uwe mugumu kama jiwe, tuzibe kila ufa, tuinue vitanda, tupake kuta pemba nyeupe kila mwanzo wa mwaka, na kila kitanda kiwe na musikitere. Ufa ambao kidole kinaingia ni mulango wa mududu.

Habari ya moto pia. Moto wa kupika uwe inje chini ya kibanda chake, na ule wa kukausha paa uwashwe muchana, mutu akiwa pale, maji na muchanga karibu. Nasema wazi kwa wale wanaopenda kusoma na mushumaa kitandani: mimi kama kapita nitaukamata, na sitaurudisha. Taa ndogo za jua ziko sokoni, watu watatu wanaweza kuchanga moja.

Sasa wasichana. Mu maneno yote ya komite, na hata mu maneno ya wavulana wenzangu, sijasikia mutu aliyeuliza finalisti wa kike wanalala wapi. Ninyi munajua. Hawana maki. Wanakaa kwa jamaa mu muji, wanateka maji, wanatwanga, wanapika, wanaosha watoto, na saa tatu ya usiku wakifungua daftari macho yanafunga. Kisha matokeo yakitoka tunasema wasichana hawapendi hesabu! Wazazi wanaogopa maki kwa sababu ya mimba, na woga ule una sababu, si wa bure. Lakini tunyumba tuna faida hapa pia, kwa sababu si lazima twote tukae pahali pamoja. Tujenge tunyumba tutatu twa wasichana ndani ya lupango la wake wa walimu, na mama mumoja wa kanisa awe mulinzi wao. Dortwari moja ndefu ya wavulana peke yao haitawasaidia kitu. Wangelipa bati mbili sawa na sisi, na wasilale chini yake hata usiku mumoja.

Basi komite iko na nia ya kusaidia, na hatutaki kuitupa nia ile. Ninaomba Bwana Prefe apeleke mawazo haya kwa wazazi. Kama kuna feza, zinunuliwe bati chache, za watu wote na si za kila mutoto, zijengwe juu ya banda moja la kusomea, bati imeinuliwa juu ya dari ya mianzi na udongo kama kule Gando, na mufereji wa kupeleka maji ya mvua mu tanki. Vile tutapata maji, na usiku pahali pa kusomea pamoja karibu na taa moja kubwa. Kulala tulale mu tunyumba twetu. Wazazi wanaoweza kitu kingine walete walichonacho: fito, nyasi, kamba, siku moja ya kazi. Hakuna muzazi wa Kasongo wala wa Kabambare asiye na siku moja.

Na sisi finalisti tukubali sheria mupya. Mutihani ukiisha, hakuna kuacha kanyumba wazi. Kila watu watatu wakabizi kanyumba kao kwa watu watatu wa darasa linalofuata, mbele ya mwalimu, pamoja na orodha: paa namna gani, kuta namna gani, vitanda vingapi. Wale wanaopokea wawashe moto muchana mara moja kwa wiki mu kiangazi, na kupaka udongo mupya mbele ya mvua za mwezi wa kenda. Tena kila muguzo unaokatwa, ipandwe miti miwili na kisiki kimoja cha mianzi upande ule ulio uchi. Mianzi inakuwa tayari kukatwa kwa miaka michache, na ikikatwa inarudi yenyewe.

Maneno peke yake hayawezi kuonyesha wazazi kitu, watataka kuona kwa macho. Kwa hiyo nimeomba ruhusa, na Bwana Mukurugenzi wa Masomo amekubali: Jumamosi hii, kisha ibada ya asubui, tutafanya salongo juu ya kanyumba ka tano, kale kalikoinama upande wa chemchemi. Tutakavunja sisi wenyewe na kukajenga upya kwa musingi wa mawe, kawe tayari komite inaporudi kisha likizo. Fundi muzee mumoja atakuwa pamoja nasi. Darasa la tano watabeba mawe, la sita udongo wa kichuguu, wasichana wa darasa la mwisho watachagua na kupima pahali pa tunyumba twao tutatu, na mutu asiwasemee. Majembe ine yako mu stoo ya shule. Panga hazitoshi, mwenye yake aje nayo, na bidoni pia.